Sura ya Kiongozi ni Yale Aliyoyakataa: Maisha na Picha za Keir Hardie

(Hotuba iliyosomwa katika semina ya elimu ya uraia kwa wanaharakati na wazee wa kanisa)



Katika nchi yetu tumezoea kumjua kiongozi kwa picha yake. Kwa miaka mingi picha ya mtawala ilitundikwa katika kila duka na kila ofisi, na mwenye duka asiyekuwa nayo alikuwa na maswali ya kujibu. Picha ile haikutueleza mtu mwenyewe ni wa namna gani. Ilitueleza tu kwamba yuko juu na sisi tuko chini.

Leo ningependa tutazame picha za mtu wa nchi nyingine, kisha tuulize ni nini kilichokuwa nyuma ya kila picha. Mtu huyo ni James Keir Hardie, mchimba makaa ya mawe wa Scotland aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa wabunge wa Chama cha Labour cha Uingereza. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alijenga chama kipya katika nchi iliyoamini kuwa vyama viwili vilivyokuwapo vinatosha. Ya pili ni kwamba alikuwa Mkristo wa dhati, na siasa yake ilikua ndani ya imani yake wala haikuwekwa kando siku ya Jumapili.

Hardie alizaliwa tarehe 15 Agosti 1856 huko Lanarkshire. Mama yake, Mary Keir, alikuwa mtumishi wa nyumbani, naye hakuwa ameolewa. Baadaye aliolewa na David Hardie, fundi seremala wa meli, na mtoto akachukua jina la baba huyo wa kambo. Kazi alianza akingali mdogo wa miaka minane hivi. Alipokuwa akimtumikia mwoka mikate, baba yake hakuwa na kazi, na ndani ya nyumba mlikuwa na mgonjwa. Mtoto akachelewa kufika kazini kwa sababu ya kuuguza. Tajiri wake, mtu aliyesifika kwa sala, alimfukuza na kumkata mshahara. Hardie hakulisahau jambo hilo maisha yake yote, na tangu hapo alijua tofauti iliyopo kati ya dini ya mdomo na dini ya matendo.

Alipotimia miaka kumi aliingia mgodini. Kazi yake ilikuwa kukaa gizani na kufungua na kufunga mlango wa kupitishia hewa, ili wachimbaji walioko ndani wasikose pumzi. Shule hakupata. Mama yake alimfundisha kusoma, na hati mkato alijifunza mwenyewe humo mgodini, akichora alama kwa ncha ya kitu juu ya jiwe lililopakwa masizi ya taa. Mwaka 1877 aliokoka, akajiunga na dhehebu dogo la Scotland lililohubiri kuwa wokovu ni wa watu wote wala si wa wateule wachache. Alijiunga pia na chama cha kupinga ulevi, na huko ndiko alikojifunza kusimama mbele ya watu na kunena. Naomba wazee wa kanisa walitie jambo hili moyoni: kabla ya jukwaa la siasa palikuwa na jukwaa la kanisa.

Wachimbaji walipomchagua kuwa msemaji wao, wenye migodi walimfungia milango, asipate kazi tena popote. Alihamia Cumnock katika jimbo la Ayrshire, akaishi kwa kalamu ya mwandishi wa gazeti, na mwaka 1886 akawa katibu wa chama cha wachimbaji wa huko.

Sasa tuje kwenye kukataa kwake kwa kwanza. Mwaka 1888 palitokea uchaguzi mdogo katika eneo la Mid-Lanark. Siku hizo wafanyakazi waliopata kura waliziweka mikononi mwa Chama cha Liberal, wakitumaini kwamba mabwana wa chama hicho wangewakumbuka. Hardie aliomba tikiti ya chama hicho akanyimwa. Akaamua kusimama peke yake kama mgombea wa wafanyakazi. Wakubwa wa Liberal wakamwendea na ahadi: ajiondoe, nao watampatia kiti cha uhakika katika uchaguzi mkuu utakaofuata, watamlipia gharama zake zote, na juu ya hayo watampa paundi 300 kila mwaka. Wakati huo mbunge hakulipwa hata senti moja na serikali. Hardie alikuwa na mke na watoto wadogo, na paundi 300 zilikuwa mapato ambayo mchimba makaa hakuwahi kuyaona.

Alikataa. Kura zilipohesabiwa, mshindi alikuwa na 3,847, naye Hardie alikuwa wa mwisho kwa kura 617.

Ndugu zangu, tuitafakari hesabu hii. Mtu wa kawaida angesema Hardie alikuwa mjinga. Alikataa kiti na mshahara, akachagua aibu ya kuwa wa mwisho. Lakini miezi michache tu baadaye Chama cha Labour cha Scotland kilianzishwa, na msingi wake ulikuwa zile kura 617. Zilikuwa kura za watu waliokwisha kuonyeshwa kwamba yupo mtu asiyenunulika. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha siku moja, na alipoitaka tena hakuipata ijapokuwa aliitafuta kwa machozi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Hardie aliinama miaka minne.

Mwaka 1892 watu wa West Ham South, mtaa wa maskini mashariki mwa London, walimchagua awe mbunge. Hapo ndipo ilipozaliwa picha ya kwanza. Wabunge wa siku hizo waliingia bungeni wamevaa kanzu ndefu nyeusi na kofia ndefu za hariri. Hardie alifika na suti yake ya sufu na kofia ya kitambaa, akisindikizwa na wafuasi wake kwa gari la farasi na mlio wa tarumbeta. Magazeti yalipiga kelele kana kwamba ameingia uchi. Tangu siku hiyo kofia yake ilichorwa na kusimuliwa mpaka ikawa maarufu kuliko maneno yake. Wasimulizi wa baadaye waliigeuza ikawa kofia bapa ya kibarua wa kiwandani, ingawa wanaochunguza historia husema ilikuwa kofia ya aina nyingine, ile ya wawindaji yenye masikio. Picha hupenda kurahisisha mambo. Watu walibishana juu ya kofia, wachache wakauliza alitaka nini. Alitaka serikali iwatazame watu wasio na kazi, na kwa ajili hiyo alipewa jina la mbunge wa wasio na kazi.

Kukataa kwa pili kulikuja mwezi wa Juni 1894. Tarehe 23 ya mwezi huo mgodi wa Albion huko Cilfynydd, kusini mwa Wales, ulilipuka ukaua wanaume na wavulana 290. Siku hiyohiyo katika jumba la kifalme alizaliwa mtoto ambaye baadaye angekuwa Mfalme Edward VIII. Bunge likaandaa salamu za pongezi kwa jamaa ya mfalme. Rais wa Ufaransa naye alikuwa ameuawa siku hizohizo, na kwa ajili yake ziliandaliwa rambirambi. Hardie aliomba Bunge liwapelekee salamu za pole wajane wa wachimbaji pia, na kiongozi wa shughuli za Bunge hakukubali kuleta hoja hiyo. Basi hoja ya pongezi ilipoletwa, Hardie alisimama peke yake akaipinga. Walioshuhudia waliandika kwamba wabunge walipiga mayowe kama wanyama. Hakuketi mpaka alipomaliza.

Mwaka uliofuata alishindwa katika uchaguzi, na kwa miaka mitano hakuwa mbunge. Hata hivyo watu wa mabonde ya Wales walikuwa wamemsikia. Mwaka 1900 walimrudisha bungeni kuwa mmoja wa wawakilishi wawili wa Merthyr Tydfil, eneo la makaa na chuma, ingawa alikuwa akivipinga waziwazi vita vya Waingereza na Makaburu ambavyo wengi walivishangilia.

Kwa kuwa mimi ni mwanasheria, mniruhusu niseme jinsi chama kilivyokua, maana hakikukua kwa hotuba peke yake. Mwezi wa Januari 1893 wajumbe wapatao 120 walikutana Bradford wakaanzisha Independent Labour Party, yaani chama cha wafanyakazi kisichoegemea chama kingine, na Hardie akakiongoza. Februari 1900 vyama vya wafanyakazi na vyama vya kisoshalisti vilikutana London, katika jumba lililokuwa mali ya kanisa la Congregational, wakaunda kamati ya kuwapeleka wafanyakazi bungeni. Mwaka huo kamati ilipata wabunge wawili tu.

Hapo sheria ikaingia kati. Wafanyakazi wa reli ya Taff Vale huko Wales walikuwa wamegoma, na kampuni ikakishtaki chama chao. Mwaka 1901 majaji wa rufani ya mwisho, katika Baraza la Malodi, waliamua kwamba chama kinaweza kudaiwa hasara yote iliyoletwa na mgomo. Chama kililipa fidia ya paundi 23,000, mbali na gharama za kesi. Wenyewe twasema mnyonge hana haki, na wafanyakazi wale waliona methali hiyo ikiandikwa katika hukumu. Hata hivyo hawakuishia kulia. Walitambua kwamba aliyefungwa na sheria hufunguliwa na sheria, na kwamba sheria hutungwa bungeni. Vyama vingi vikakimbilia kamati ile. Mwaka 1903 wakakubaliana kila mwanachama achange peni moja kwa mwaka, na mfuko huo uwalipe wabunge wao paundi 200 kila mmoja.

Peni moja kwa mwaka, mabibi na mabwana! Hakuna tajiri aliyekishika chama hicho kwa kamba ya mfukoni, maana aliyekilisha alikuwa mwanachama mwenyewe. Katika uchaguzi wa 1906 walipata wabunge 29, wakajiita Chama cha Labour, na Hardie akachaguliwa mwenyekiti wao kwa tofauti ya kura moja. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyofuta athari za hukumu ya Taff Vale. Mwaka 1909 majaji wakatoa hukumu nyingine, ya kwamba vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kuchanga fedha za siasa. Mapambano yakaanza upya. Mwaka 1911 serikali ikaanza kuwalipa wabunge wote mshahara wa paundi 400, na sheria ya 1913 ikaruhusu michango ya siasa kwa masharti. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mwaka ule wa ushindi, 1906, gazeti la Vanity Fair lilichapisha mchoro wa dhihaka wa Hardie, na chini yake jina lake likachezewa ili lisikike kama neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiye wa kawaida. Hii ndiyo picha ya pili: namna wakubwa walivyomwona. Mpinzani akiwa mdogo hupuuzwa, na akianza kukua huchekwa.

Picha ya tatu ilichorwa kwa mkono wa rafiki. Sylvia Pankhurst alikuwa mwanafunzi wa sanaa na mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Hardie alilisimamia dai hilo ndani ya chama chake hata mwaka 1907 alipotishia kujiuzulu wenzake walipolipinga. Sylvia alimpenda, naye alimchora. Picha mbili alizozichora, moja ya rangi za maji na nyingine ya chaki, zimehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Picha za Watu, London, nazo ni za mwaka 1910 au kabla yake. Humo hamna kofia wala tarumbeta. Ni uso wa mtu mwenye ndevu nyeupe, aliyechoka kabla ya wakati wake. Nasi wa pande hizi tuna sababu ya kuukumbuka mkono uliouchora uso huo. Baadaye Sylvia Pankhurst aliitetea Ethiopia ilipovamiwa na Italia, akahamia Addis Ababa mwaka 1956, akafia huko mwaka 1960, na kaburi lake liko katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu.

Uchovu ule wa usoni ulikuwa na chanzo. Mwaka 1907 na 1908 Hardie aliizunguka dunia. Huko India alisema Wahindi wapewe kujitawala, na magazeti ya kwao yakamwita mchochezi. Huko Afrika Kusini alisema mfanyakazi Mweusi asitengwe na vyama vya wafanyakazi, na magenge ya Wazungu yakaivamia mikutano yake. Mwaka 1909 Bunge la London lilipojadili sheria ya kuunganisha makoloni ya Afrika Kusini, wajumbe walisafiri kutoka huko kuja kuipinga, wakiwamo John Tengo Jabavu, Walter Rubusana na Abdullah Abdurahman. Sheria hiyo iliwazuia watu wasio Wazungu kuingia katika Bunge jipya. Hardie alikuwa miongoni mwa wachache waliosimama upande wao. Sheria ilipita, na tunajua wenyewe ni miaka mingapi Afrika Kusini ililipia siku ile.

Mbegu aliyoipanda ilifika hata kwetu. Mwaka 1907 kijana mmoja mwandishi wa habari, Fenner Brockway, alikwenda kumhoji Hardie, na baada ya mazungumzo hayo akajiunga na chama chake. Brockway huyo, akiwa mbunge, alikuja Kenya mwaka 1950, na tena mwaka 1952 baada ya hali ya hatari kutangazwa, akarudi kwao kuwaeleza Waingereza yale ambayo serikali yao haikutaka yasemwe.

Kukataa kwa mwisho ndiko kulikomgharimu zaidi. Tarehe 2 Agosti 1914 Hardie alihutubia umati katika uwanja wa Trafalgar Square, London, akiwasihi wafanyakazi wasiuane kwa ajili ya ugomvi wa wafalme. Siku chache baadaye alikwenda Aberdare, katika eneo lake mwenyewe la uwakilishi, kusema hayohayo. Watu wale wale waliompigia kura walimzomea, wakaimba nyimbo za vita mpaka sauti yake ikazama. Hakubadili neno. Alikufa tarehe 26 Septemba 1915, akiwa na miaka 59. Bunge alilolitumikia halikutoa hata salamu za rambirambi, na kiti chake kilichukuliwa na mmoja wa wale waliokuwa mbele katika kumzomea.

Picha ya nne ni ya shaba. Mwaka 1939 sanamu ya kichwa chake, iliyofinyangwa na msanii Benno Schotz, ilisimamishwa Cumnock. Wakati huo hata waliomcheka walimsifu. Marehemu hana kelele, wala sanamu haiwezi kusimama bungeni ikaleta hoja.

Nisingependa mdhani kwamba chama chake kilibaki safi siku zote. Mwaka 1924 Ramsay MacDonald, mwenzake wa zamani, aliunda serikali ya kwanza ya Labour. Mwaka 1931 MacDonald huyohuyo aliungana na wapinzani wa chama chake ili aendelee kuwa Waziri Mkuu. Alifukuzwa chamani, na Labour ikaanguka kutoka viti 287 vya mwaka 1929 hadi 52. Basi chama kimoja, katika kizazi kimoja, kilimwona aliyekataa paundi 300 na kilimwona aliyekubali kiti cha enzi.

Nasi tumewaona wote wawili. Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991, tuliimba makanisani. Mwaka 1992 na 1997 waliopiga kura dhidi ya utawala walikuwa wengi kuliko waliouunga mkono, lakini walikuwa wamegawanyika na wakashindwa. Kisha wakaja waliohama vyama baada ya kuchaguliwa, kila mmoja akisema anatafuta maendeleo ya watu wake. Mwaka 2002 umoja ulileta ushindi, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 103, imesema wazi kwamba mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake. Hiyo ni sheria njema. Lakini sheria humfikia mtu akisha kutenda. Haiwezi kumpa moyo wa kukataa usiku ule anapoletewa bahasha na hakuna mtu anayemwona.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu mtakaporudi katika matawi na parokia zenu. Kwanza, mgombea akija kwenu, msimwulize tu ameleta nini. Mwulizeni amekataa nini, lini, na kilimgharimu kiasi gani. Pili, changeni wenyewe, hata kidogo, na mweke daftari la michango lisomwe hadharani, kwa sababu chama kinachotegemea mfuko wa mtu mmoja ni mali ya mtu huyo. Tatu, mwenzenu mnyofu akishindwa kwa kura 617, msimwache. Mwendeeni kesho yake asubuhi, mketi naye, mwanze kuhesabu mlipofika na hatua inayofuata.